Kiasi Gani, na Mpaka Lini?

(Hotuba niliyoitoa kwa wazazi na vijana, Mwanga, mjini Kigoma. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimepunguza utani tu.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, viongozi wetu wa dini, vijana: mwakeye. Shikamooni wazee. Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe. Nadhani sijamwacha mtu.

Mwenyekiti aliponialika alinikabidhi mada kwenye karatasi: "Kijana na majukumu yake kwa familia." Nikamuuliza, na familia je, haina jukumu kwa kijana? Akacheka, akasema hayo kayaseme mwenyewe ukumbini, mimi bado naishi na hawa watu. Basi nimekuja kuyasema. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika mkoa huu muda wa kutosha kujua kwamba wengi wanaotugongea mlango ofisini wanatoka kwenye familia zinazopendana kabisa. Kilichowashinda ni kukaa chini, baba, mama, watoto na wajomba, wakaambiana ukweli kuhusu hela na kuhusu nani afanye nini.

Kila ninapotaja uhuru wa kijana mbele ya wazee, mmoja husimama akasema hayo ni mambo ya Kizungu, kwetu mtu ni watu. Naona pale nyuma mzee ameshaanza kutikisa kichwa. Mzee wangu, nakuheshimu, lakini historia ya mkoa wenyewe inakukatalia.

Reli ilifika hapa Kigoma mwaka 1914. Mkoloni Mjerumani aliijenga kwa shughuli zake, akaja Mwingereza naye akaitumia kwa zake, na mojawapo ilikuwa kubeba vijana wa Buha, nchi ya Waha, kuwapeleka kwenye mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga. Manamba. Humu ndani wamo wajukuu wa manamba, pengine na watoto wao. Kwa nini babu zetu walikwenda? Sababu ya kwanza ni kodi, hilo halina mjadala. Serikali ilidai kodi kwa fedha, na fedha hazikuoteshwa Kasulu. Ila waulizeni wazee waliobaki watawaambia na sababu nyingine. Kijana alitaka mahari aliyoitafuta mwenyewe, asikae miaka akisubiri baba na baba wakubwa waamue zamu yake imefika. Mwingine alitaka shuka jipya na baiskeli. Mwingine alitaka tu aone kuna nini mbele ya Tabora. Na kabla ya treni, njia hiyohiyo ya Ujiji, Tabora hadi Bagamoyo ilitembewa kwa miguu na wapagazi wa Kinyamwezi, vijana walioona kwamba mwanaume ambaye hajafika pwani bado hajakamilika. Hamu ya kutoka, ya kuwa na chako na neno lako, haikushushwa hapa na meli. Ilikuwepo.

Manamba alikuwa na kadi ya kipande. Kipande kimoja ni siku 30 za kazi, kila siku ikitiwa alama. Ilikuwa kazi ya kikatili: mkonge unachoma, mnyapara ana fimbo, chakula ni kile kile. Siisifu hata kidogo. Nataja jambo moja tu, kwamba kadi ilikuwa na siku ya mwisho. Kila mmoja aliijua. Akimaliza mkataba anadai chake na tiketi ya kurudi.

Na wengine hawakurudi. Walilowea. Nendeni leo Tanga na Morogoro mtakuta koo nzima za Waha ambazo Kiha wamekisahau. Huku nyumbani tulisema fulani kapotelea mjini, kalogwa, kaoa mwanamke mbaya. Nimesikia habari nyingi za namna hiyo kazini, za zamani na za juzi, na nimefika mahali nadhani wengi hawakulogwa. Walijua wakirudi watakabidhiwa kadi nyingine, ya nyumbani, ambayo haina siku ya mwisho.

Hayo ndiyo nimekuja nayo leo. Kadi ya nyumbani ina maswali mawili ambayo hatuyajibu: kiasi gani, na mpaka lini.

Niwape hesabu, maana hotuba isiyo na hesabu ni mawaidha, na mawaidha mnayapata Ijumaa na Jumapili kwa watu wanaoyajua kuliko mimi. Chukueni mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa shilingi 700,000 kabla ya makato. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 5, ambayo ni 35,000. Bima ya afya asilimia 3, hiyo ni 21,000. Kodi ya mapato kama 49,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 105,000. Jumlisheni: 210,000 imeondoka kabla hajaishika. Anabaki na 490,000, na kama yumo kwenye chama cha wafanyakazi, pungufu ya hapo. Ndani yake kuna kodi ya chumba, chakula, umeme, nauli, na sabuni ya kufulia hilo shati la ofisini ambalo ndilo linalowafanya watu waamini ana hela.

Kijijini habari inayofika ni "laki saba". Ikishavuka mto Malagarasi inakuwa laki tisa.

Nitawasifia Bodi ya Mikopo kwa jambo ambalo sijasikia mtu akiwasifia. Wana adabu kuliko ukoo. Wanachukua asilimia inayojulikana, wanaandika walichochukua, na siku deni linapokwisha wanapaswa kuacha. (Naona walimu mnaguna. Sawa, kuna ambao wamekatwa zaidi ya deni, wakahangaika kurudishiwa. Lakini walau walikuwa na mahali pa kwenda kudai na karatasi mkononi.) Ukoo unadai bila asilimia, na karatasi hauna.

Mwalimu mmoja kijana anayefundisha Nguruka aliwahi kunipa simu yake siku mshahara ulipotoka, akaniambia mama, soma mwenyewe. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mdogo wake: "Kaka mambo, mtoto karudishwa shule hana sare." Mama yake: "Mwanangu, kifua cha baba kimeanza tena." Mjomba: "Mjomba, mabati yanapanda bei kila siku, fanya haraka, tuma na ya kutolea." Namba isiyo na jina: "Ni mimi mke wa marehemu baba yako mdogo, hii ndiyo namba mpya." Na mwingine ambaye hakuomba kitu, alisalimia tu. Kijana akaniambia huyo aliyesalimia ndiye anayemwogopa zaidi.

Hakuna hata ujumbe mmoja wa uongo pale. Sare ilikuwa imechanika kweli, na kifua cha mzee ni ugonjwa wa miaka. Kama wangekuwa matapeli ingekuwa rahisi, angewafuta. Ugumu wote ni kwamba kila mmoja alikuwa na haki kidogo, na kila mmoja alidhani yuko peke yake kwenye foleni.

Nikamuuliza: ukiachiwa, ungefanya nini na hela yako? Nilidhani atasema gari, kiwanja, shahada ya pili. Akasema, "Nataka ninunue kitanda nisidanganye bei yake."

Wazazi, sikilizeni hilo. Mtoto wa miaka ishirini na nane, mwalimu wa watoto wa wenzenu, analala godoro la chini. Kitanda anakiweza. Anachoshindwa ni siku mtakapokuja kumtembelea mkakiona, mkaulizana kwa macho: kumbe hela anazo. Ndiyo maana nasema jambo hili linazidi hela. Mtu anaanza kujificha kwa watu anaowapenda kuliko wote. Anazima simu kuanzia tarehe ya mshahara. Anapanga chumba mbali na stendi. Akiugua hasemi, maana akisema ameugua ataulizwa ametibiwa kwa hela gani.

Sasa angalieni tulivyo hodari wa kuandika. Msiba ukitokea hapa Mwanga, kabla jua halijazama kuna daftari mezani na kijana mwenye kalamu: fulani elfu tano, fulani elfu mbili na kuni, jumuiya fulani laki moja. Siku ya kuanua tanga linasomwa mbele za watu. Harusi ndiyo usiseme. Kuna kamati, mweka hazina, kadi za mchango, ahadi na tarehe ya mwisho ya ahadi, na kuna kundi la simu la kukumbusha wenye ahadi hadi wakereke. Tunajua kabisa kuhesabu hela za jamaa. Lakini dada anayetuma nyumbani kila mwezi tangu amalize chuo, aliyesomesha wadogo watatu na kumzika babu, daftari lake liko wapi? Nani aliwahi kulisoma mbele za watu? Haandikwi popote, na kwa kuwa haandikwi, kila mwezi ni kama hajawahi kutoa.

Kijana wa Nguruka nilimshauri aende kwao Kasulu, na aende na karatasi ya mshahara. Aliogopa. Akaniomba niende naye, nikaenda kama mgeni tu. Tulikaa uani: baba, mama, mjomba wa mabati, shangazi, na wadogo wawili. Kijana akatoa karatasi. Baba akatafuta miwani, akaipata mfukoni mwa koti, akaanza kusoma makato moja moja kwa kidole. Akafika kwenye mstari wa mkopo.

"Hii 105,000 ni ya nani?"

"Ya mkopo wa chuo, baba."

"Si serikali ilikusomesha?"

"Ilinikopesha."

Mzee akakiacha kidole pale pale. Mama akasema neno moja tu, "Kumbe." Miaka yote ile hawakujua. Hakuna aliyewaficha kwa ubaya. Hawakuuliza na yeye hakusema, kwa sababu kwetu mtoto kumwonyesha baba mshahara wake ni kama kujivua nguo.

Walizungumza hadi alasiri. Wakaafikiana 80,000 kila mwezi kwa baba na mama, ya chakula na dawa za kifua. Mdogo wa kiume alipiwe mahitaji ya shule mpaka amalize kidato cha sita, hapo basi. Ugonjwa wa ghafla upigiwe simu, usiandikwe ujumbe, na usemwe kwa wote wenye kazi, siyo kwake pekee. Mabati hapana.

Mjomba aliondoka kabla ya chakula. Ugali wa muhogo ulishawekwa na migebuka imeungwa kwa mawese, akasema hana njaa. Hadi leo hawasalimiani vizuri. Nisiwadanganye kwamba vikao huisha kwa kupeana mikono. Na mjomba hakuwa mtu wa ovyo: huyu kijana alipochaguliwa kidato cha tano, yeye ndiye aliyeuza mbuzi wawili kununua godoro, sanduku na nauli. Ana haki ya kukumbuka mbuzi wake. Nilimwambia kijana, mlipe. Mbuzi wawili wanalipika, nenda mnadani ukanunue wawili uwapeleke kwake kwa heshima. Akashtuka, akasema huo utakuwa ni kumtukana, fadhila hailipwi. Labda anawajua watu wake kuliko mimi. Lakini bado nadhani hivyo. Mbuzi wasiotajwa wanazaana, na baada ya miaka kumi wamekuwa kundi zima la ng'ombe, na wewe huna zizi la kulilipa.

Nimekwisha kusikia mnavyonong'ona: huyu mama anataka kuvunja udugu. Haya, tuzungumze udugu wa kale tunaousifu. Kuna methali mnaijua, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha mwaka 1962 alipokuwa akieleza ujamaa wetu unatoka wapi. Hoja yake ilikuwa kwamba kwenye jamii ya zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, na jamaa alikaribishwa mezani akijua na shamba linamngoja. Udugu ule ulikuwa na miguu miwili. Sisi tumebaki na mmoja. Tumeushika wajibu wa mwenye nacho kwa mikono yote, wajibu wa anayepokea tumeuacha njiani. Ndugu wa miaka thelathini mwenye afya yake anakaa kwa dada yake mfanyakazi, anaangalia mpira, na siku ya tatu akipewa jembe, shangazi anapiga simu kutoka Kibondo kuuliza kwa nini ananyanyaswa.

Watu wa Kibirizi na Katonga, mwaka 2024 ziwa letu la Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Mliumia, najua. Dagaa walipanda bei, na waliozoea kuanika wakakaa mikono mitupu. Mlilalamikia namna ilivyofanyika, na mlikuwa na haki. Lakini sikumsikia mtu mmoja akisema ziwa limekuwa na roho mbaya, limesahau lilikotoka. Hata kabla ya amri hiyo, mvuvi wa dagaa hagombani na mbalamwezi: siku hizo taa hazivuti kitu, mtumbwi unakaa ufukweni, nyavu zinashonwa. Mnakubali kwamba ziwa linalolisha linahitaji kupumzishwa. Binti yenu anayewalisha, akisema mwezi huu sina, mnakaa kikao.

Sasa nigeukie vijana, maana mmepiga makofi mno na makofi yenu nayatilia shaka.

Katiba yetu, ibara ya 12, inasema binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Ya 15 inasema kila mtu anayo haki ya kuwa huru na kuishi kama mtu huru. Vizuri. Haki hizo ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Lakini kuna Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, nao nchi yetu ni mwanachama. Mahakama ya haki za binadamu ya bara zima iko hapo Arusha. Mkataba huo una jambo ambalo mikataba mingi ya dunia haina: unaorodhesha wajibu wa mtu. Ibara ya 29 inamtaka kila mtu alinde maendeleo na mshikamano wa familia yake, awaheshimu wazazi wake wakati wote, na awatunze pindi wanapohitaji. Kwa hiyo usije kwangu na maneno ya "sikuomba kuzaliwa". Wazazi wako wanakudai, kwa mila, kwa dini zote zilizomo humu, na kwa mkataba.

Ila usomeni vizuri na nyinyi wazee. Umetaja wazazi, na umesema wanapohitaji. Mabati ya mjomba sikuyaona humo.

Na vijana, wengi wenu mnataka uhuru wa kupokea bila wajibu wa kujieleza. Hutaki kuulizwa hela imekwenda wapi, lakini mwaka jana ulipokosa ada ya chuo ulijua namba za ukoo mzima kwa kichwa. Unasema familia inakunyonya, kumbe nyumbani hujatuma tangu Pasaka na hela imeishia kwenye kubeti. Huo siyo mzigo wa familia, huo ni mzigo wako na unatafuta wa kumtwisha. Ninayemtetea hapa ni yule aliyekaa, akasema ninacho hiki, nawapa hiki, na hiki ni cha maisha yangu. Kusema hivyo mbele ya baba kunahitaji moyo kuliko kuzima simu.

Kuhusu ndoa nitapita haraka, si kwa kuwa ni jambo dogo, ila wenzangu wa dawati la jinsia watalizungumza mchana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mzazi anayeoza binti ili apate mtaji, au ili mahari yake yamwozee kaka, asijifiche nyuma ya neno mila.

Lakini kuna mabinti wengine sitaki kuwapita haraka. Ni wale tunaowapakia treni pale stesheni kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Wapo wanaokwenda kwa hiari na wanaofanikiwa. Wapo pia ambao mshahara hauwafikii hata siku moja. Bosi anautuma moja kwa moja kwenye simu ya baba huku Kigoma. Binti anaosha vyombo vya watu, analea mtoto wa watu, na akitaka mafuta ya nywele anaomba. Mmoja aliniambia alipoteza simu akaona aibu kumwambia bosi wake, kwa kuwa hakujua aseme nini akiulizwa, "Kwani hela zako unapeleka wapi?" Binti huyo ana waajiri wawili, mmoja wa mjini na mmoja wa nyumbani, na wa nyumbani hampi hata siku ya mapumziko. Baba mwenye namna hiyo humu ukumbini, sitakutaja. Leo jioni mpigie, muulize: mwanangu, wewe wataka ubaki na kiasi gani? Halafu nyamaza umsikilize.

Nimezungumza sana hela kwa sababu hela zinahesabika. Liko deni jingine ambalo sina hesabu yake, na hapa nakiri kazi ni ngumu.

Kuna dada hapa Ujiji mama yake alipata kiharusi, upande mmoja ukapooza. Dada ndiye kitinda mimba, hakuwa ameolewa, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Ilionekana tu kwamba ni yeye. Kaka zake, mmoja Dar na mmoja Mwanza, ni watu wema, wanatuma kila mwezi bila kukosa. Dada anaamka kabla ya adhana, anamgeuza mama asipate vidonda, anamwogesha, anamlisha uji kijiko kwa kijiko, anafua, na mchana anauza mawese kibarazani ili asiende mbali. Kaka wakipiga simu wanamwambia, "Mungu atakulipa, dada." Nilipokwenda kumtembelea niliuliza kama hela zinatosha. Akaniambia zinatosha. Kisha akasema, "Mimi sitaki hela, nataka Jumamosi."

Jumamosi moja. Siku ambayo hakuna anayemwita.

Niliwapigia kaka zake. Yule wa Mwanza alinielewa haraka. Yule wa Dar alidhani naomba nyongeza, akauliza namba ya kutumia. Ilibidi niseme mara ya pili: haombwi hela, anaombwa aje. Ikaja hoja ambayo nyote mnaijua, kwamba mwanaume hawezi kumwogesha mama yake. Sawa, sikubishana nayo. Tukatafuta jirani mama mtu mzima, akalipwa kwa kazi hiyo asubuhi na jioni, na kaka wa Mwanza akaja akakaa siku za likizo yake: akapika uji, akamsomea mama, akauza mawese kwa bei ya hasara. Dada akaenda Kalinzi kwa rafiki yake. Nilipomuuliza baadaye alifanya nini huko, akasema alilala mpaka saa nne asubuhi, na alipoamka akaanza kulia, akidhani mama ameanguka.

Wakaweka zamu. Wa Mwanza anakuja kila likizo. Wa Dar bado anatuma hela. Na dada yuko pale pale. Mama hajapona, na hakuna kikao kinachoweza kusema mpaka lini kwa mgonjwa, Mungu atusamehe hata kwa kulifikiria. Katika jambo hili swali la pili halina jibu. Lakini la kwanza lina jibu. Kiasi gani cha maisha ya mtu mmoja, na ni nani mwingine atakayetoa cha kwake. Familia nyingi hapa Kigoma zina dada kama huyo, na mkitaka kumjua, angalieni nani hakuja leo kwa sababu hakuwa na wa kumwachia mgonjwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na shughuli, siyo maneno. Pale mlangoni nimeweka madaftari, yale ya kawaida ya shule. Kila familia ichukue moja. Kurasa za kwanza andikeni nani anatoa nini sasa hivi, na hapo msiandike hela tu: anayechota maji, anayelala hospitali, anayelea watoto wa marehemu, wote waandikwe. Mkianza kugombana kwenye ukurasa wa pili msishtuke, ofisi yetu iko wazi Jumatatu hadi Ijumaa na hatutozi kitu.

Sasa ni maswali. Naona mikono mitano imeshapanda, na yote ni ya akina baba. Mzee wangu wa pale nyuma uliyetikisa kichwa tangu mwanzo, nakuona, zamu yako utapata. Naomba aanze yule binti wa shati la bluu, aliyeinua mkono akaushusha mara tatu.